Kilomita za Jumanne

Karatasi yenyewe ilikuwa ya manjano hafifu, yenye safu tano: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kilomita, saini. Kila Ijumaa mchana tuliipeleka ofisini Ixelles, mjini Brussels, ghorofa ya pili, tukaitumbukiza kwenye sanduku la bati lililokuwa mlangoni. Nilifanya kazi ile miaka mitano na ushee, na sikumbuki hata mara moja mtu kuniuliza juu ya nilichoandika, mpaka majira ya baridi ninayotaka kuyaeleza hapa.

Kazi ilikuwa ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Haikuwa uuguzi; wauguzi walikuwa na shule yao na mshahara wao. Sisi tulifagia, tukanunua vyakula, tukapika supu ya siku mbili, tukakunja nguo, tukasikiliza. Niliipata katikati ya miaka ya elfu mbili, baada ya kupewa vibali vyangu na kuchoka kuosha vyombo katika mikahawa. Mkuu wa ofisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mkufu, aliniuliza mambo mawili tu: kama ninaogopa wazee, na kama nina gari. Nikamjibu kwamba nimelelewa Buyenzi, Bujumbura, katika nyumba moja na bibi zangu wawili, mmoja kipofu. Gari nikasema ninalo, ingawa siku hiyo sikuwa nalo. Mume wangu alilinunua Jumamosi iliyofuata kutoka kwa Mrundi mwenzetu, kwa kulipa kidogo kidogo. Lilikuwa gari dogo jekundu, mlango wake mmoja wa nyuma haufunguki mpaka uusukume kwa goti kutoka ndani.

Ofisi ililipa kilomita za kati ya mzee mmoja na mwingine, basi. Kutoka kwangu Anderlecht hadi kwa mzee wa kwanza, hawalipi. Kutoka kwa mzee wa mwisho kurudi kwangu, hawalipi. Ukizunguka mtaa dakika ishirini unatafuta pa kuegesha, hiyo ni shauri yako. Ukikuta barabara imechimbuliwa, na mji ule sijauona mwezi ambao haukuwa na barabara iliyochimbuliwa, unazunguka kwa mafuta yako. Bima yangu, breki zangu, matairi yangu. Mwisho wa mwezi ile posho ya kilomita iliingia chini ya mshahara, mstari mmoja mdogo, na kila mwezi niliutazama nikidhani wamekosea.

Aliyenifundisha namna ya kuishi na mstari ule alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi. Alinizidi miaka kama kumi na miwili, na pale kazini hapakuwa na mwingine aliyekaa muda mrefu kuliko yeye. Kila Ijumaa tukishatumbukiza karatasi zetu tulishuka pamoja hadi kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, tukaketi kwenye mkahawa ulio mkabala na saluni, yeye na bia yake ndogo, mimi na chai yangu, harufu ya dawa za nywele ikitufikia pale pale. Mara ya kwanza aliniomba aione karatasi yangu. Aliisoma, akacheka mpaka watu wakageuka.

"Mutoto yangu, weye unaandika kama unaandikia padiri!"

"Nimeandika nilizoendesha, maman."

"Sikia. Bale ba bureau habajuaka barabara. Banaangalia tu carte. Weye unaandika ile unatembeza, na kidogo pa juu. Deux, trois, hapana mingi. Ile ya pa juu njo pneu, njo assurance. Hauibi kwa muntu. Unajirudishia."

Kujirudishia: kilomita mbili tatu za juu, kwa ajili ya tairi na bima. Neno hilo lilinikaa vizuri. Wiki iliyofuata niliongeza kilomita mbili kwenye safari ya Jumatatu, na Ijumaa ilipofika hakuna aliyesema kitu. Baada ya miezi michache nilikuwa naongeza kila siku, na mkono wangu ulikuwa umezoea hivi kwamba sikujua tena safari yenyewe ilikuwa na kilomita ngapi.

Mume wangu, aliyekuwa akipanga mizigo katika ghala moja huko huko Anderlecht, aliiona karatasi siku moja mezani.

"Hizi za ziada ni za nini?"

"Za matairi."

"Basi mbona matairi yamekwisha?"

Pesa ile ilikuwa imekwenda kwenye viatu vya watoto, kwenye gesi, kwenye simu za Bujumbura. Matairi yalikuwa yamesuguka hadi kuwa laini kama sahani. Hakunisema tena. Yeye si mtu wa maneno mengi, na mshahara wake tuliujua sote wawili.

Tabia nyingine niliyoipata ni ya kuijaza karatasi kabla ya wiki kuanza. Safari zilikuwa zile zile: Jumatatu hawa, Jumanne hawa. Kwa hiyo Jumapili mchana, nikiwa napiga pasi, niliweka karatasi kwenye ncha ya meza na kuandika wiki nzima kwa kalamu, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na saini. Wengi wetu tulifanya hivyo.

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa bibi mmoja Uccle. Alikuwa mjane, amepita miaka themanini, anaishi peke yake ghorofa ya tatu upande wa barabarani. Alikuwa ameuza glavu katika duka moja la mjini kwa miaka arobaini, tangu msichana hadi alipostaafu, na kwa hiyo hakumtazama mtu usoni kwanza, alimtazama mikono. Siku ya kwanza alivishika viganja vyangu, akavigeuza, akasema, "Sita na nusu. Lakini kidole gumba ni cha saba." Baada ya hapo ndipo akaniuliza jina.

Alinipenda, nami nilimpenda, ingawa alikuwa na ulimi. Alisimama dirishani kunitazama nikiegesha gari, na nikifika juu alikuwa tayari anacheka. "Leo umempiga nani?" Aliandaa kahawa, vikombe viwili, ilhali alijua sinywi kahawa. Mwezi wa Ramadhani alikipindua kikombe changu juu ya kisahani, asiweke kitu, na akanywa chake akiwa amenigeuzia mgongo kidogo, kwa heshima. Nyumba yake ilikuwa na joto kali mwaka mzima. Nilikuwa nikifagia jasho likinitoka.

Alikuwa na watoto wawili, wa kiume Kanada, wa kike Liège. Binti, kwa maneno yake, alikuwa daima "anakuja". Anakuja mwisho wa wiki. Anakuja kwa sikukuu. Nilimwona mara mbili katika miaka minne, mwanamke mrefu mwenye haraka, aliyenishukuru huku akitazama saa.

Mwaka ule theluji ilianza mapema, mwanzoni mwa Desemba, ikakaa. Ilianguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda tena, mpaka vichochoro vya Uccle vikawa kioo. Ijumaa moja, nikifika kwa bibi, gari liliteleza kwenye mteremko na kusimama kando kando, likitazama nilikotoka. Yeye alikuwa ameona yote dirishani. Alicheka mpaka akakaa kitini. Kisha akauliza matairi yale yana miaka mingapi.

Jumanne iliyofuata, saa moja na robo asubuhi, simu yangu ililia nikiwa jikoni.

"Usije leo," alisema. "Nimeangalia nje. Kwa matairi yako yale utakwenda kulala kwenye ukuta wa mtu."

"Ninaweza kuja kwa tramu."

"Hapana, hapana. Binti yangu anakuja leo. Ataleta kila kitu. Wewe kaa na watoto wako."

"Anakuja leo, Jumanne?"

"Nimekwambia anakuja."

Nilijua, au nusu yangu ilijua, kwamba binti hakuwa mtu wa kuja Jumanne, tena katika theluji, kutoka Liège. Lakini nusu nyingine ilikuwa imesimama pale na mwiko mkononi, imeshafurahi. Nikamwambia haya, bibi, tutaonana Ijumaa. Akaniambia nivae soksi mbili.

Sheria ilikuwa wazi: mzee akikataa kutembelewa, unapiga simu ofisini mara moja. Wao wanafuta saa zako na kilomita zako za siku hiyo, na wakiona inafaa, wanamwuliza mtu wa familia kama kuna mwingine atakayekwenda. Sikupiga. Nilijiambia nitapiga ofisi ikishafunguliwa. Ilipofunguliwa nikajiambia nitapiga nikishawapeleka watoto shule. Niliporudi nilijilaza, nikalala hadi saa tano. Mchana nilikwenda kwa mzee wangu wa pili kwa metro, na karatasi ya manjano ilikuwa ndani ya gari, Jumanne imeshaandikwa tangu Jumapili: kwa bibi kuanzia saa tatu hadi saa sita, kisha safari ya kwenda kwa huyo wa pili, kilomita tisa, mbili kati yake za kujirudishia.

Jumatano, muuguzi aliyekuja kumfunga bibi kidonda cha mguu alipiga kengele bila kujibiwa. Jirani alikuwa na ufunguo. Walimkuta jikoni, chini, kati ya meza na dirisha, amevaa nguo za mchana.

Mkuu wa ofisi alinipigia nikiwa namenya viazi nyumbani kwa mzee mwingine. Aliniambia polepole, kwa sauti nzuri, kwa maana alijua nilivyokuwa na yule bibi. Halafu akauliza, "Jana ulikuwa kwake asubuhi, sivyo?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini wakati ule. Ningependa kusema nilichanganyikiwa na habari ya kifo. Kweli nilichanganyikiwa. Lakini pia niliiona karatasi ile, nikaiona saini yangu, nikaona kwamba nikisema hapana nitaulizwa kwa nini sikupiga simu, na kwa nini imeandikwa, na kwa nini kilomita tisa. Yote hayo yalipita kabla kisu hakijashuka kwenye kiazi.

"Ndiyo," nikasema.

"Alikuwaje?"

"Kama kawaida."

Ijumaa niliitumbukiza karatasi sandukuni jinsi ilivyokuwa.

Kwenye mazishi tulikuwa watu kumi na mmoja. Kwetu mtu akifa hata adui zake wanajaza uwanja, na mimi sikuzoea kuona mtu wa miaka themanini na kitu akisindikizwa na watu wanaoenea katika safu mbili za viti. Mwana wa Kanada hakuwepo. Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa theluji. Binti aliketi mbele peke yake. Baada ya yote alinifuata mlangoni, akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ile ile ya mama yake, vidole virefu, baridi.

"Wewe ulikuwa wa mwisho kumwona."

Hakuiachia mikono yangu.

"Daktari anasema alianguka baada ya saa sita, kwa sababu saa sita ndipo wewe ulipotoka. Ninamshukuru Mungu kwamba asubuhi alikuwa na mtu. Alikunywa kahawa yake?"

"Alikunywa."

"Alikuwa na huzuni?"

"Hapana. Alikuwa anacheka. Alinicheka nilivyoegesha gari."

Kicheko kile kilikuwa cha Ijumaa. Nilikichukua nikakiweka Jumanne. Yeye akatabasamu, machozi yakamtoka, akanikumbatia pale mbele ya watu. Kisha akasema kitu ambacho hakukikusudia kuwa mtego: "Friji ilikuwa tupu kabisa." Nikasema nilipanga kununua vitu Ijumaa, kwa sababu ya theluji. Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Niliona jinsi uongo unavyozaa haraka, na jinsi kila mtoto wake anavyofanana na mama.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Alikuwa Brussels, anafungasha vitu vya nyumba. Ndugu yake wa Kanada, alisema, hali wala halali vizuri. Anajilaumu. Anawaza kwamba mama yao alikufa ametupwa. "Nimemweleza juu yako, lakini anataka kusikia kwako. Mwandikie barua. Kwa maneno yako tu, asubuhi ile ilivyokuwa. Nitaituma pamoja na picha."

Nilinunua karatasi nzuri. Nilikaa nayo mezani mchana mmoja watoto wakiwa shuleni, nikaandika tarehe, nikaandika "Bwana mpendwa," nikaandika, "Jumanne ile nilifika kwa mama yako saa tatu." Kifaransa changu cha kuandika ni cha shule, kizuri. Nilijua niandike nini: kahawa, kicheko, soksi mbili. Soksi zilikuwa za kweli. Lakini mkono haukusogea. Kusema nilikwisha kusema, na pengine ningeendelea kusema. Kukaa chini, kwa utulivu, kumtungia mtu asiyenijua saa za mwisho za mama yake, na kuweka saini, sikuweza. Siku ya pili nikajaribu tena. Siku ya tatu nikaichana.

Ijumaa nilimweleza yule mama wa Lubumbashi, pale mkahawani. Alisikiliza yote bila kugusa bia yake.

"Na sasa unataka nini?"

"Kwenda kumwambia yule binti."

"Kumuambia nini? Asema, mama yako alikufa mwenyewe, hakuna muntu alimuona? Utamupa ile, akwende nayo Liège?" Aliinama, akashusha sauti. "Muntu akisha kufa, amekufa. Ule mutoto wake ako na kintu ya kumutuliza. Weye unataka kumunyanganya, juu weye usikie muzuri. Bon. Na bureau? Bataanza kuangalia makaratasi. Si ya kwako tu."

"Nitasema yangu tu."

"Yako tu!" Alisonya. "Mutoto yangu, acha ivi."

Sikuacha. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya bibi, au ya Mungu, au kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeshukuriwa.

Nilikwenda Uccle Jumatatu. Theluji ilikuwa imebaki chafu kando ya barabara. Nyumba ilikuwa na maboksi hadi mlangoni, na mahali palipokuwa na saa ya ukutani palibaki duara jeupe. Binti alidhani nimeleta barua. Akatoa kiti, akaanza kuomba radhi kwamba vikombe vyote vimeshafungwa.

Nilisema nikiwa nimesimama. Kwamba sikuwepo. Kwamba mama yake alinipigia saa moja na robo akanikataza kwa sababu ya barabara na matairi yangu. Kwamba sikupiga simu ofisini. Kwamba karatasi ilikuwa imeandikwa tangu Jumapili.

Hakulia. Alikaa kwenye boksi, akauliza kama karani: "Saa moja na robo. Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzima. Alikuwa anaamrisha, kama siku zote."

"Alisema nini? Maneno yenyewe."

Nikamwambia maneno yenyewe. Ukuta wa mtu. Soksi mbili. Na kwa kuwa aliniomba yote, nikamwambia na hili: "Alisema wewe unakuja siku hiyo. Kwamba utaleta kila kitu."

"Mimi?"

"Ndiyo."

"Alisema mimi nakuja?"

Yeye akatazama dirishani, pale pale alipokuwa akisimama mama yake.

"Sikuwa nimempigia simu tangu sikukuu ya Watakatifu Wote," alisema. Ilikuwa sikukuu ya tarehe mosi Novemba. Alihesabu kwa vidole wiki zilizopita, polepole, kidole kwa kidole, akafika mwisho akaanza tena. "Kwa hiyo ile saa aliyoandika daktari, ameiandika kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huenda alianguka saa mbili. Au saa nne. Huenda alikaa chini pale mchana mzima."

"Hatujui, mama."

"Hatujui." Alisimama, akanifungulia mlango yeye mwenyewe. "Naomba uende."

Kesho yake nilipanda hadi ghorofa ya pili ofisini nikamweleza mkuu. Alivaa miwani yake, akaivua, akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Ungeniambia siku ile kwenye simu," alisema, "ningekukemea, na ingekuwa imekwisha." Nadhani alisema kweli. Sasa hakuwa na njia. Alivuta kabati, akatoa karatasi zangu za manjano za miaka miwili, na kompyuta ikawekwa mezani, na safari zangu zikapimwa moja moja. Nilikaa pale nikizisikia kilomita zangu zikisomwa kwa sauti. Tisa, saba. Kumi na mbili, tisa. Nilifukuzwa kwa barua ya aya tatu.

Lakini hawakukoma kwangu. Kabla mwezi haujaisha walipima karatasi za kila mtu. Wengine walikatwa mshahara kurudisha, wawili wakaondoka wenyewe. Yule mama wa Lubumbashi, aliyekuwa na miaka mingi kuliko wote na kilomita nyingi kuliko wote, alikatwa kwa mwaka mzima, akiwa anamsomesha binti yake wa mwisho. Tena tangu hapo hakuna aliyeandika kitu: kompyuta ilihesabu njia fupi kuliko zote, kama kwamba mji hauna matingatinga wala barabara za kuingilia upande mmoja, na mstari ule mdogo chini ya mshahara ukazidi kuwa mdogo. Haya niliyasikia kwa watu. Mwenyewe nilimwona yule mama mara moja, mwezi wa tatu, alipotoka saluni pale Galerie, kichwa kikiwa kimesukwa upya. Nilimwamkia.

"Jambo, maman."

Alisimama. Niliona anafikiri kama anipite.

"Ulisafisha roho yako," alisema, "na makuta yetu." Makuta, kwao, ni pesa. Akaenda zake. Sikumfuata, maana alikuwa amesema kweli, na mimi sikuwa na kingine cha kuongeza wala cha kurudisha.

Gari tuliliuza kwa Mkongo aliyelitaka kwa vipuri. Nilipata kazi ya kufagia ofisi katika jengo refu la mjini, alfajiri hadi saa tatu, kwa metro, mstari wa tano. Huko hakuna mtu wa kusikiliza, ni madawati tu na vikapu vya taka. Mume wangu hakuwahi kunilaumu, na hakuwahi kunisifu. Siku moja tu, tukiwa tunakula, alisema, "Ungeanza na matairi." Kisha akaomba chumvi.

Miezi minane hivi baada ya yote ikaja bahasha kutoka Liège. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, mwandiko wa haraka. Binti hakuniita kwa jina wala hakuniamkia. Aliandika kwamba amemwambia ndugu yake kuwa mama alikunywa kahawa yake asubuhi ile, na kwamba mimi nilikuwepo, na kwamba sikuandika barua kwa kukionea haya Kifaransa changu. "Sasa anaanza kulala," aliandika. "Akikutafuta, nakuomba usimwambie vingine."

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu, kapu la nguo mkononi. Sikumwonyesha mtu. Nilidhani hatanitafuta.

Alinitafuta, kiangazi cha mwaka wa pili. Alikuwa amekuja Ubelgiji kwa siku chache, akapata namba yangu katika kitabu cha simu cha mama yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu, yenye lafudhi iliyokwisha kuharibiwa na miaka ya Kanada. Aliomba radhi kwa kunisumbua. Aliniuliza kama ni kweli mama yake alikuwa anacheka.

"Ni kweli," nikasema. "Alinicheka nilivyoegesha gari."

Alicheka kidogo naye. Nilidhani amemaliza. Lakini kulikuwa na swali jingine, ambalo bila shaka ndilo lililokuwa limemfanya apige simu, na alilisema kwa aibu kama mtoto.

"Theluji ilikuwa nyingi siku zile. Ndani hapakuwa na baridi?"

"Hapana," nikamwambia. "Kwa mama yako palikuwa na joto. Palikuwa na joto siku zote."